Muulize Dokta wa Mifugo: OTC, sindano ya njano iliyoanzia kwenye udongo

Wasomaji wangu, mwezi huu nilipanga kuongelea minyoo ya mbuzi ila maswali ya OTC yamejaa mpaka nimeona bora safu nzima iwe ya OTC tuimalize, minyoo itasubiri. Kwa wasiofuga: OTC ni oksitetrasaiklini, ile antibaiotiki ya rangi ya njano inayokuja kwenye kichupa cha kahawia, na mfugaji asiyekuwa nayo nyumbani huku kwetu sijui kama yupo. Watu wanaipiga kwa kila kitu, ng'ombe kagoma kula OTC, kachechemea OTC, kaharisha OTC, na ndo maana maswali hayaishi.

Shikamoo dokta. Mi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro. Mwalimu wa bailojia katuambia antibaiotiki nyingi zinatengenezwa na bakteria wa udongoni. Nikamwambia baba hiyo OTC yake imetoka kwenye udongo akanicheka. Nani yuko sahihi? Na kama ni kweli kwanini tusitengeneze wenyewe, udongo si tunao?

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu yuko sahihi, na baba naye usimlaumu, maana ndani ya kichupa chake hamna hata chembe ya udongo.

Iko hivi. Kwenye udongo mzuri wa shamba kuna ukoo mmoja wa bakteria unaitwa streptomaisizi, wanaota kwa nyuzinyuzi, mpaka wataalamu wa zamani walikuwa wanawachanganya na ukungu. Unawajua hata kama hujawahi kuwaona: ile harufu ya ardhi mvua ya kwanza ikigusa vumbi, sehemu kubwa ni kemikali inaitwa geosmini, na wao ndo wanaitengeneza. Sasa udongoni chakula kinagombaniwa na hawa hawana namna ya kukimbilia chakula, wamekaa palepale, kwahiyo wanatoa kemikali za kila aina, nyingine zinawazuia majirani wasizaliane, nyingine wanasayansi mpaka leo wanabishana kama ni silaha au ni namna ya kupeana habari wao kwa wao. Hizo hizo ndo sisi tumezichukua tukazifanya dawa.

Ya kwanza kubwa kutoka kwenye ukoo huu ni streptomaisini, 1943, aliyeipata ni Albert Schatz akiwa bado mwanafunzi kwenye maabara ya Selman Waksman, chuo cha Rutgers, New Jersey. Ndo ikawa antibaiotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu. (Nobeli ya 1952 alipewa Waksman peke yake, Schatz akaachwa nje, na kabla ya hapo walishafikishana mahakamani. Mi mpaka leo naona kijana alionewa.) Baada ya hapo makampuni ya dawa ya Marekani yakashikwa na wazimu wa udongo. Mzee Benjamin Duggar, mtaalamu wa mimea aliyekuwa ameshastaafu chuo kikuu na umri umepita 70, akiwa kampuni ya Lederle akatoa Aureomycin, antibaiotiki ya ukoo mmoja na OTC, ikatangazwa 1948, na udongo wake ulitoka shamba la majaribio la Sanborn Field, Chuo Kikuu cha Missouri. Pfizer wao wakakusanya sampuli za udongo kutoka pande zote za dunia, zaidi ya laki moja, halafu iliyolipa ikaja kuwa ya mji wa Terre Haute kule Indiana, walikokuwa na kiwanda chao wenyewe! Hiyo ndo OTC ya baba yako. Ikaingia sokoni 1950 kwa jina la Terramycin.

Sasa kutengeneza. Kimsingi ni kuchachusha, familia moja na mtindi na mbege, ila usafi wake ni wa chumba cha upasuaji. Wanaanza na mbegu, yaani spora za bakteria zilizotunzwa kwenye baridi kali, na mbegu yenyewe sio tena ile ya Indiana, imepigwa mionzi na kemikali ikachaguliwa vizazi na vizazi mpaka ikapatikana inayotoa dawa nyingi, kwa sababu bakteria wa porini anatoa kiduchu tu cha kumtosha yeye. Inaoteshwa kwenye chupa, inahamia tangi dogo, halafu tangi kubwa, na nikisema kubwa namaanisha mtungi wa chuma wa urefu wa ghorofa, lita makumi elfu na mengine yanapita laki. Chakula chake sio cha ajabu, unga wa soya, wanga, maji yaliyolowekewa mahindi viwandani, chumvi za naitrojeni, chokaa kidogo na mafuta ya kutuliza povu. Joto linashikiliwa kwenye nyuzi 28 hivi. Hewa iliyochujwa inapulizwa usiku na mchana huku mapanga yanakoroga, maana bila oksijeni hawa hawafanyi kitu, na kidudu kimoja kigeni kikipenya humo, tangi zima linaweza kumwagwa. Siku za mwanzo bakteria wanakula na kunenepa tu. Dawa inaanza kutoka kwa wingi chakula kikianza kuwabana, na baada ya siku kadhaa wanavuna.

Kuvuna nako kuna ujanja wake. Dawa hii na kalsiamu zinapendana mno (kariri hili, tutalirudia chini), kwahiyo ndani ya tangi inakuwa imeng'ang'aniana na kalsiamu kwenye zile nyuzi za bakteria. Wanatia asidi, mara nyingi ya oksaliki, hiyo inaikamata kalsiamu na dawa inaachiwa kwenye maji. Nyuzi zinachujwa, maji yanasafishwa, wanayarekebisha asidi mpaka dawa inajitenga inazama chini ikiwa unga wa njano. Unga ndo unaosafirishwa, sa hivi mwingi unatoka China, halafu kiwanda cha sindano kinauyeyusha pamoja na magnesiamu na vimiminika vinavyofanya dawa ikae muda mrefu mwilini. Yale makapi ya nyuzi yaliyobaki bado yana dawa, hayatupwi ovyo wala halishwi mnyama, China wameyaweka kwenye kundi la taka hatari.

Kwanini tusitengeneze kienyeji? Kwa sababu udongo huohuo unatoa na sumu. Maabara hiyohiyo ya Waksman, kabla ya streptomaisini, ilipata kitu kinaitwa streptothrisini, kilikuwa kinaua bakteria vizuri sana, tatizo kikaharibu na figo za wanyama wa majaribio. Wewe na ndoo yako ya udongo utajuaje ulichopata ni kipi na kipo kiasi gani? Ila kama shule ina maabara mwombe mwalimu mpande udongo kidogo kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria) yenye wanga, baada ya wiki mtaona madoa makavu meupe au ya kijivu yanaonekana kama yamepakwa chaki, hao ndo wenyewe. Sahani ibaki imefunikwa, msinuse.

Dokta habari. Mi mfugaji Simanjiro. Dume langu lilivimba mitoki chini ya masikio, homa kali, akaanza kuhema kwa shida na povu puani. Nikampiga OTC siku tatu mfululizo, akafa. Je niliuziwa dawa feki? Na kinachonichanganya, wale waliokuja kuchanja ndama ndigana kali nao walikuwa wanapiga OTC, sasa kama haitibu wanaipigia nini?

Pole sana kaka, dume ni hasara kubwa. Sikuona kichupa kwahiyo siwezi kukuapia kuhusu dawa, lakini hata ingekuwa halisi matokeo yangekuwa hayohayo. Mitoki, homa, kuhema, povu, hiyo ni ndigana kali, na ndigana kali hailetwi na bakteria. Inaletwa na kimelea kinaitwa theileria, anakileta yule kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni, kinaingia ndani ya chembe nyeupe za damu na kuzifanya zizaliane ovyo ndo maana mitoki inavimba. OTC kazi yake ni kuingia kwenye ribosomu ya bakteria, ile mashine anayoundia protini, ikaiziba. Bakteria hafi palepale, anashindwa kukua na kuzaliana, halafu kinga ya mnyama inammalizia. Kwa theileria aliyeshajaa mwilini haifanyi cha maana. Dawa yake ni bupavakwoni, ile watu wanaiita Butalex hata kama kichupa kina jina lingine, na inatakiwa mapema, mitoki inapoanza. Ng'ombe akishatoa povu hata hiyo mara nyingi inagonga mwamba maana mapafu yameshajaa maji.

Wengi mnachanganywa na majina. Ndigana baridi ni ugonjwa mwingine kabisa, huo unaletwa na bakteria anayekaa kwenye chembe nyekundu za damu, ng'ombe anapauka fizi au zinakuwa njano, kinyesi kinakauka, mitoki haivimbi. Huo OTC inautibu vizuri sana. Maji moyo nao inautibu ukiwahi. Kukojoa damu hapana, ule una dawa yake. Kwahiyo mtu kapona ndigana baridi kwa OTC mwaka jana, mwaka huu anasikia "ndigana" anavuta kichupa kilekile. Ukiwa na wasiwasi mwite afisa mifugo achome sindano kwenye mtoki uliovimba, apake majimaji kwenye kioo, yapelekwe maabara wayapake rangi waangalie kwa hadubini, gharama yake ukilinganisha na dume ni ndogo mno.

Sasa swali lako la pili, hilo limenifurahisha kwa sababu umeona kitu ambacho wengi wanapita nacho. Chanjo ya ndigana kali ni ya ajabu kidogo, ndama anapewa ugonjwa wenyewe, vimelea hai. Kupe wanaambukizwa makusudi, wanasagwa, vimelea vinahifadhiwa kwenye mirija midogo ndani ya naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ndo ule mtungi unaofuka moshi ulioona kwenye gari lao. Ndama anachomwa vimelea karibu na sikio, na palepale anachomwa OTC ya asilimia 30, ile ya kukaa muda mrefu, dozi kamili ya uzito wake. OTC ikiwa mwilini tangu dakika ya kwanza inawapunguza kasi vimelea wakiwa bado wachache, ndama anaumwa kidogo tu au haumwi kabisa, na kinga yake inapata muda wa kumjua adui. Akitoka hapo kwa kawaida kalindwa maisha. Kwa hiyo dawa ni ileile ila saa ni tofauti, kwa dume wako ilikuja wakati vimelea wameshazagaa mwili mzima.

Na hii ni kazi ya huku kwetu. Mambo ya kutumia dawa za ukoo wa OTC kwa theileria yalianza kujaribiwa Afrika Kusini miaka ya 1950, lakini chanjo yenyewe ilikamilishwa miaka ya 1970 pale Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kwenye taasisi ya utafiti wa mifugo ya Afrika Mashariki enzi hizo, ndo maana mpaka leo inaitwa chanjo ya Muguga. Ndani yake kuna aina tatu za vimelea, moja ya Muguga, moja ya Kiambu na moja ya Serengeti. Wafugaji wa kimasai wa kaskazini mwa Tanzania ndo wameipokea kuliko wengi, ndama mwenye hereni ya chanjo sokoni bei yake inakuwa juu. Tahadhari moja: usijaribu kuigiza kwa kumpiga ndama OTC halafu kumwachia kupe. Kipimo cha vimelea kwenye ule mrija kimepimwa, kupe wa porini hapimi. Na hata aliyechanjwa endelea kumwogesha, kupe wana magonjwa mengine ambayo chanjo haiyagusi.

Dokta, mi nauza mtindi Arusha, nanunua maziwa kwa wafugaji wa jirani. Kuna siku maziwa yanagoma kuganda kabisa, nimebadilisha kimea, nimebadilisha sufuria, nikaambiwa nimerogwa na mwenzangu. Inaweza kuwa maji yameongezwa?

Mama, maji yakiongezwa mtindi unakuwa mwepesi lakini unachachuka. Ukiona maziwa yamelala usiku kucha na asubuhi yako vilevile, hayana hata uchachu, wakati kimea kilekile kimegandisha maziwa ya mfugaji mwingine, jua kuna mtu kakamua ng'ombe aliyepigwa sindano. Wale bakteria wa kimea chako ni bakteria kama wengine, OTC inawazuia vilevile. Kuchemsha kunaipunguza kiasi tu, haiishi, kwahiyo usijidanganye kwamba nimeshachemsha.

Fanya hivi, mwenyewe utamjua: siku moja maziwa ya kila mfugaji yachemshe na uyatie kimea kwenye vikombe tofauti, andika jina la mfugaji kwenye kila kikombe, viweke sehemu moja. Kitakachogoma peke yake nenda kamuulize mwenyewe kwa upole kama ana ng'ombe mgonjwa. Sio kipimo cha maabara lakini kwa biashara yako kinatosha kuanzia.

Na nyie mnaokamua, lebo mnazitupa na boksi. Lebo nyingi za OTC ya asilimia 20 zinasema maziwa siku 7 na nyama siku 28 tangu sindano ya mwisho, ila zinatofautiana, soma ya kwako, na zipo zinazokataza kabisa ng'ombe wa maziwa. Najua siku 7 bila kuuza maziwa ni pesa ya ada. Ila mnachofanya sa hivi ni kumhamishia hasara mama wa mtindi na kuwanywesha watoto wa watu dawa bila dozi. Dawa ya kuweka ndani ya kiwele ni hivyohivyo, tena hiyo watu wanaona haihesabiki kwa sababu sio sindano, wakati imewekwa mulemule maziwa yanamotokea!

Bosi, mi kila ng'ombe nampiga cc 10, mkubwa mdogo. Kuna jamaa kanambia nichanganye na penistrepi kwenye bomba moja ili iwe kali zaidi. Ni sawa?

Hapana na hapana. Tupige hesabu. OTC ya asilimia 20 ina miligramu 200 kwa kila cc, ya kukaa muda mrefu inatakiwa miligramu 20 kwa kilo, yaani cc 1 kwa kilo 10. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 anataka cc 25. Wewe unampa 10, hata nusu haifiki. Kwa ndama wa kilo 60 hiyohiyo cc 10 inakuwa karibu mara mbili ya anachotakiwa. Kama huna mzani, kuna zile tepu za kupima kifua zinazokusomea uzito, zinauzwa maduka ya dawa za mifugo, nunua. Hizo cc 25 usizimwage sehemu moja, isizidi cc 10 pahala pamoja, ndani ya nyama ya shingo. Dawa hii inauma na inavimbisha, na ukiipiga kwenye paja utaharibu nyama nzuri. Mshipani muachie daktari, ikiingia haraka ng'ombe anaweza kuanguka palepale. Na angalia kichupa chako, ile ya asilimia 10 hesabu zake ni nyingine na inarudiwa kila siku.

Kuchanganya na penistrepi, yaani penisilini na streptomaisini kwenye kichupa kimoja: penisilini inamuua bakteria anayekua, wakati ule anajenga ukuta wake. OTC inamzuia asikue. Sasa umemsimamisha halafu unamletea dawa inayomtaka atembee, moja inaiharibia nyingine kazi. Bomba moja ndo kabisa usithubutu, kemikali zenyewe hazipatani.

Kuku wangu wanakufa kwa kideri nawatia OTC ya unga kwenye maji kila mwezi kama kinga ila hamna kitu. Mama Kuku, Kibaha.

Kideri, wengine wanaita mdondo, ni kirusi. Kirusi hana hata hiyo ribosomu ya kuzibwa. Hizo hela za unga kanunue chanjo ya matone ya jicho, tone moja jicho moja, kuku wote siku moja, urudie kila baada ya miezi mitatu, na uko Kibaha mama, chanjo zinatengenezwa hapohapo kwenu! Kuwapa OTC kila mwezi kuku wazima unachofuga ni bakteria sugu, na mayai unayouza yana dawa.

Daktari, binadamu anaweza kutumia hiyo ya ng'ombe? Mume wangu ana kidonda anamwagia OTC ya sindano, anasema dawa ni dawa.

Dada mwambie aache, aende zahanati. Ukoo wa dawa kweli ni mmoja, tetra (tetrasaiklini) za vidonge na ile dawa ya tyubu ya macho ya trakoma ni ndugu zake, na doksi (doksisaiklini) mnayopewa hospitali inatengenezwa viwandani kwa kuanzia na OTC yenyewe kuibadilisha. Lakini kichupa cha ng'ombe kina vimiminika ambavyo havikupangwa kwa ajili ya mtu, na kidonda kisichopona kinaweza kuwa sukari au kitu kingine kabisa, anakifunika tu.

Halafu kuna lile la kalsiamu nililosema tutalirudia. Dawa hizi zinaingia kwenye mifupa na meno yanayokua zikakaa humo, ndo maana mjamzito na mtoto chini ya miaka 8 hawapewi tetra hivihivi, meno yanatoka ya njano au ya kahawia na hayasafishiki kwa mswaki wowote. Na ndo maana tetra haimezwi na maziwa, kalsiamu ya maziwa inaikamata tumboni, dawa inapita zake chooni.

Msomaji wa Mombasa anauliza: eti nimesikia watu wa kale wa Sudan walikuwa wanakunywa tetra kabla ya wazungu kuigundua, ni kweli au stori za vijiweni?

Ni kweli, na mi ndo stori ninayoipenda kuliko zote kwenye mambo haya. Mifupa ya watu wa Nubia, upande wa Sudan, waliokufa karibu mwaka 350 baada ya Kristo, iliwekwa chini ya hadubini ya mwanga wa urujuanimno Marekani, mwanafunzi mmoja aliyekuwa anaipima akaona inang'aa kijani njano. Mng'ao huo ndo alama ya tetra iliyojishika kwenye kalsiamu ya mfupa. Profesa George Armelagos na wenzake wakatangaza 1980, na watu wengi wakasema hapana, huo ni uchafu wa udongo wa kaburini umeingia baadaye. Ubishi ukaenda miaka, mpaka 2010 mkemia Mark Nelson akaiyeyusha mifupa kwa asidi kali na kutoa tetra yenyewe. Ilikuwa nyingi, imo hata kwenye mfupa wa mtoto wa miaka 4, na imekaa tabaka kwa tabaka mfupa ulivyokuwa unakua, maana yake walikuwa wanaipata mara kwa mara wakiwa hai.

Wameitoa wapi? Maelezo yanayokubalika ni pombe ya nafaka. Nafaka ilipata streptomaisizi wa udongoni, ikachachushwa, bakteria wakazaliana humo wakatoa dawa, na mtoto naye akapewa kikombe. Kama walijua inawasaidia au walikuwa wanakunywa pombe yao tu, mifupa haisemi. Armelagos mwenyewe aliamini walijua.

Na aliyeniuliza kama usugu wa dawa, yaani bakteria kutosikia dawa, umeletwa na sisi: tumeuongeza sana, ila hatukuuanzisha. Fikiria, bakteria anayetengeneza OTC mwenyewe ana ribosomu, mbona haimzuii? Ana jeni za kujikinga, nyingine inalinda ribosomu yake, nyingine inaisukuma dawa nje. 2011 watafiti walitoa vinasaba kwenye ardhi iliyoganda ya Yukon, Canada, ya miaka 30,000 iliyopita, wakakuta jeni za kukataa tetra zimo tayari. Bakteria wanaazimana jeni. Kwahiyo zile cc 10 za jamaa hapo juu hazitengenezi usugu kutoka hewani, zinawaua na kuwazuia wale wasio na hizo jeni na kuwaachia uwanja wenye nazo.

La mwisho, fupi: kichupa changu cha OTC nilikiacha juu ya bati kwenye jua, dawa imekuwa kahawia nzito. Bado nitumie? Tarehe haijaisha.

Usitumie. Mwanga na joto vinaiharibu hata kama tarehe bado. Miaka ya 1960 kuna watu walimeza tetra zilizoharibika wakaumia figo, kwahiyo hii sio dawa ya kusema "itakuwa imepungua nguvu tu". Usiimwage shimoni wala mtoni, irudishe duka la dawa za mifugo au kwa afisa mifugo, na kipya ukinunua kikae ndani ya boksi lake, kivulini, mbali na watoto, na andika kwa kalamu juu ya boksi siku uliyokitoboa maana lebo inakuambia kikishafunguliwa kinakaa muda gani.